Ndume ya Mpwa

Phelista alipiga simu Suam kwa sababu alitaka tu kujua kama ndume imenenepa. Hakuwa na shaka yoyote moyoni. Levi, mtoto wa wifi yake Nakhungu, alikuwa anatahiriwa mwisho wa juma hilo, na mtoto wa Kibukusu haendi kwa kisu kabla hajapitia kwa khocha wake, yaani mjomba, ndugu wa mama yake, achinjiwe ng'ombe na kuvikwa shingoni kipande cha nyama ya kidari, kile wanachokiita luliki. Khocha wa Levi alikuwa Khaemba, mume wa Phelista. Ndume yenyewe ilitengwa tangu ikiwa ndama, nyekundu, yenye doa jeupe kwenye paji la uso, na tangu mwezi wa tano ilikuwa imepelekwa Suam kwa Kibiwott, rafiki wa nyumba hiyo tangu enzi za baba yake Khaemba, ikale majani ya mlimani. Hivyo ndivyo Khaemba alivyowaambia watu wote nyumbani, na hivyo ndivyo alivyomwambia Levi mwenyewe juzi, mtoto alipokuja na njuga zake kumwalika. Njoo, alimwambia, ndume yako iko Suam inanona.

Kibiwott alisalimu vizuri. Akauliza habari za mvua ya Kamukuywa, za mahindi, za mguu wa Phelista uliokuwa ukimsumbua. Phelista naye akauliza, ndume iko aje?

"Ndume gani, mama?"

"Ile ya mtoto. Ile baba Viola alileta mwezi wa tano."

"Hapana. Huku hakuna ndume yenu. Na vile mwaka huu huku kumekuwa na askari na shida nyingi, nani angeleta ng'ombe? Mimi mwenyewe nilihamisha zangu." Akasita, kisha, kwa kuwa ni mtu wa heshima, akaongeza kwamba labda hakuelewa vizuri, labda mzee alimwachia mtu mwingine njiani.

Phelista alishukuru, akaiweka simu kwenye kifua cha gauni, akabaki amesimama kando ya barabara ya Kamukuywa, malori ya mahindi yakimpita. Wako wanaume ambao husema uongo mdogo mdogo kila siku, mke akauzoea kama moshi wa jikoni. Khaemba hakuwa wa namna hiyo. Yeye angeweza kukaa mwaka mzima bila kudanganya, halafu siku moja akatoa uongo mmoja mkubwa kama nyumba, na watu wote wakaingia ndani yake wakaketi.

Hakumvamia mlangoni. Khaemba alikuwa karani wa serikali mjini Kitale, na juma hilo alikuwa likizoni kwa ajili ya sherehe, kwa hiyo muda ulikuwepo. Phelista alingoja mpaka wakati wa kukamua. Alikaa kwenye kigoda chini ya Rosi, ng'ombe wake wa maziwa, na mumewe alipopita na jembe akamwita na kumwuliza, bila kugeuka, ndume iko wapi.

"Si nilikuambia iko Suam."

"Nimeongea na Kibiwott."

Khaemba aliweka jembe chini. Akavuta debe, akaligeuza, akalikalia. Kisha akasema yote, na alivyosema ungedhani anamweleza mtu habari njema iliyochelewa kidogo. Ndume aliiuza. Alimwuzia Gicheru, mfanyabiashara wa ng'ombe, hapo hapo sokoni, wiki ile Phelista alipokuwa matangani Chwele. Pesa alinunulia hisa. Kulikuwa na kampuni moja inaitwa Masafa, ya meli na mabehewa ya mizigo, ilikuwa inauza hisa kwa mwananchi wa kawaida, shilingi kumi kila moja. Ofisini walinunua wote. Mkubwa wao alinunua, dereva alinunua, hata mama wa kufagia alijiunga na dada zake wakanunua. Magazeti yaliandika kwamba hadi wazungu wanagombania, na kama wazungu wanagombania kitu, mtu mwenye akili afanye nini? Mahesabu yalikuwa wazi. Kufika mwezi wa nane zingekuwa ishirini, ishirini na tano. Angeuza, angenunua ndume mbili, moja ya Levi, moja ibaki zizini, na kinachobaki kingelipia mbolea, kwa sababu mbolea mwaka huo ilipanda bei mpaka watu wakapanda mahindi kwa maombi tu.

"Sasa ni ngapi?" Phelista akauliza.

"Zilipanda. Mwezi wa sita zilifika kumi na tatu."

"Nimeuliza sasa."

"Sita. Na senti."

Phelista aliendelea kukamua. Khaemba akajitetea kwamba hiyo si hasara. Hasara inakuja siku ya kuuza. Mtu akitulia, hisa ni zile zile, hakuna hata moja iliyopotea, na bei itarudi, kila mtu anasema itarudi.

"Ndume ikikonda, mtu anaiona," Phelista akasema. "Unaangalia mbavu. Hii yako inakondea wapi, baba Viola?"

"Nairobi," akasema Khaemba, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na haya.

Asubuhi walikwenda Kitale pamoja. Phelista ndiye aliyelazimisha. Alitaka kumwona kwa macho yake huyo mtu anayeuza ndume isiyo na miguu, na alitaka ziuzwe siku hiyo hiyo, kwa bei yoyote ile, waende sokoni wachukue ng'ombe wowote mwenye pembe mbili. Siku zilikuwa zinakwisha. Njia nzima Khaemba alimweleza kwamba ni makosa kuuza sasa, kwamba huu ndio wakati wajinga wanauza, na Phelista akamjibu kwamba kama ni hivyo basi yeye na aitwe mjinga wa Kamukuywa, lakini Levi apate nyama shingoni.

Ofisi ya dalali wa hisa ilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati la mzee Wachira. Mwezi wa tano, Khaemba alisema, foleni ilishuka ngazi ikazunguka hadi stendi, watu wamekuja na chupa za chai. Sasa kulikuwa na benchi moja na watu wachache wasiotazamana. Msichana wa ofisi, Mary Ann, alikuwa binti wa huyo huyo Wachira wa chini. Alimsalimia Khaemba kwa jina na kumwita Phelista mama, akatafuta habari zao kwenye kompyuta.

Phelista hakuona aibu kuuliza. Aliuliza kama meli za hiyo kampuni zimezama.

"Hapana, mama. Meli ziko. Hata faida walitangaza, iko sawa."

"Kama hakuna kimezama, bei imeshukaje?"

Mary Ann akaweka kalamu chini. Alisema walionunua nyingi ni watu wa nje, Ulaya na Amerika, wenye mifuko mikubwa ya pesa. Huko kwao mambo ya nyumba na benki yameharibika, wanadaiwa, kwa hiyo wanakusanya pesa zao kila mahali walipoziweka duniani. Hawaulizi kama kampuni ni nzuri. Wanatoa tu. Na wakitoa wote pamoja, wa kununua hakuna.

Hilo Phelista alilielewa haraka kuliko mumewe. Ni kama siku ambayo kila mtu ameleta nyanya Kamukuywa. Kilichomchoma ni kitu kingine. Watu ambao hawajawahi kusikia jina la Kamukuywa, watu wasiojua Levi ni nani wala khocha ni kitu gani, walikuwa wamepungukiwa na pesa kwao, wakafika mpaka zizini kwake wakachukua. Na wala hawakuwa na ubaya naye. Angalau mwizi wa ng'ombe huwa amekuchagua wewe.

"Ziuze," akasema. "Zote. Tunataka pesa leo."

Mary Ann alimtazama Khaemba. Khaemba akakohoa, akatazama dirisha.

"Pesa haitoki leo, mama. Ukiuza leo inachukua karibu wiki moja kufika. Na halafu kuna ile ya benki."

"Benki gani?"

Wale wa kwenye benchi wakatega sikio. Msichana akaona amekanyaga mahali pasipofaa, akaomba samahani, alidhani mama anajua. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, ikabidi alimalize. Pesa ya ndume ilikuwa elfu thelathini tu. Benki zilikuwa zinakopesha watu wa mshahara kununua hisa, na Khaemba aliongezea elfu sitini za mkopo juu yake. Hisa zote ziliwekwa rehani. Zikiuzwa leo, benki inachukua kila shilingi, na bado inabaki inadai kidogo, na deni linakatwa kwenye mshahara kila mwezi, miaka mitatu.

Kwa hiyo hakukuwa na ndume. Hakukuwa hata na mguu wake. Phelista alikaa pale akihisi joto linampanda kutoka shingoni hadi masikioni, si kwa ajili ya pesa, bali kwa kuambiwa habari za nyumba yake na mtoto wa watu, mbele ya wageni, kama mtu aliyekuja kuolewa juzi. Miaka kumi na tisa ya ndoa. Alifunga kitambaa chake upya ingawa hakikuwa kimelegea.

"Wewe ungefanya nini?" akamwuliza Mary Ann.

"Mimi ningeuza wakati ilikuwa nane," msichana akasema polepole. "Lakini baba alikataa. Naye pesa yake iko humo humo. Alikuwa ameweka ya kujenga."

Wakashuka ngazi, wakarudi Kamukuywa mikono mitupu.

Siku mbili zilizofuata Khaemba alitafuta ng'ombe kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Lakini ulikuwa mwezi wa nane wa mwaka wa kutahiri, na kila khocha wa Bungoma nzima alikuwa sokoni. Ndume ya elfu thelathini ilikuwa imefika arobaini na tano, na wenye kuuza hawakuwa na haraka. Alikwenda kwa Gicheru, yule yule aliyemwuzia. Gicheru alimwambia ile nyekundu ilishaliwa Kitale zamani, hata ngozi yake sasa ni viatu vya mtu. Akamwonyesha nyingine, nyeusi. Khaemba akaomba apewe kwa mkopo mpaka mahindi yavunwe. Gicheru hakumtukana. Alitabasamu, akamwambia mzee, pesa taslimu bana, wiki hii hata ndugu yangu namwuzia taslimu, kisha akageuka kumshughulikia mteja mwingine huku Khaemba bado amenyoosha mkono. Kwa ndugu zake wa ukoo hakuweza kwenda, maana wangeuliza ndume ya Suam imekuwaje. Kibiwott alipigiwa, akasema kwa huruma kwamba zake ziko mbali, na njia ya kuzishusha bado si salama.

Jioni ya pili Khaemba alisimama zizini akimtazama Rosi. Phelista akatoka jikoni.

"Huyo usimwangalie," akamwambia.

Rosi alikuwa wake. Alimnunua akiwa mtamba kwa pesa ya kuku na ya kushona sare za shule, na maziwa yake yalikwenda kila asubuhi kwenye hoteli moja hapo Kamukuywa, na hoteli ndiyo iliyomlipia binti yao Viola karo, kidato cha tatu sasa, bila kufukuzwa hata muhula mmoja. Mshahara wa Khaemba ulikuwa mzuri kwa kuutaja. Maziwa ndiyo yaliyokuwa mazuri kwa kuyala.

"Sijasema kitu," Khaemba akajibu.

"Na usiseme."

Ijumaa alitoka asubuhi, akarudi ametulia. Alioga, akaomba koti lake lipigwe pasi. Phelista akamwuliza kama amepata ng'ombe, akasema amepata njia. Njia gani? Utaisikia kesho. Phelista alimjua mumewe akiwa na hofu na alimjua akiwa na hasira, lakini utulivu ule hakuujua, na ulimtisha kuliko vyote.

Jumamosi Levi na watu wake walianza kusikika kabla ya kuonekana. Nyimbo, filimbi, na katikati yake njuga za Levi zikigongana na bangili za chuma mikononi mwake. Walivuka mto, wakapanda kilima, umati mzima wa upande wa baba yake, vijana mbele na wanawake nyuma, wakiongozwa na mzee Wangila, kaka mkubwa wa Walubengo, baba yake Levi. Nakhungu hakuwepo. Desturi inamtaka mama abaki kwake akingoja mtoto arudi na nyama. Levi alikuwa kifua wazi, unga aliopakwa kwa desturi umekauka mgongoni, jasho linamtiririka, na macho yake yalikuwa yametoka kama ya mtu ambaye hajalala siku tatu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kijana wa miaka kumi na tano. Alikuwa anatafuta ndume kwa macho.

Khaemba alisimama getini na koti lake, fimbo mkononi. Alipoanza kufoka watu walicheka, kwa sababu khocha lazima afoke. Ni kazi yake kumsuta mtoto, kumwuliza nani amemwambia yeye ni mwanamume, kumwambia arudi akanyonye. Levi mwenyewe alikaza shingo akingoja kofi, ambalo nalo ni la desturi. Kofi halikuja.

"Mimi sina ng'ombe ya huyu mtoto," Khaemba akasema. "Nyinyi mnajua kwa nini."

Kicheko kikapungua. Mzee Wangila akauliza, kwa utani bado, kwa nini, mulamwa, shemeji yangu?

"Ng'ombe za dada yangu hazikuisha. Tulisema kumi na tatu. Mimi nilihesabu kumi. Leteni tatu, halafu mje mniulize mambo ya luliki."

Njuga zilinyamaza. Hata watoto walielewa. Kama mahari haikuisha, Nakhungu hajaolewa. Amekaa tu kwa mtu karibu miaka ishirini, akamzalia watoto watano, na Levi huyu, anayetoka kesho kusimama mbele ya kisu, hana khocha wa kumvika, na kila atakapogombana na mwenzake maisha yake yote ataambiwa mama yake aliokotwa. Khocha anayo haki ya kudai hivyo, na hakuna anayeweza kumbishia, kwa sababu waliopokea ng'ombe ni yeye na baba yake, na baba yake yuko kaburini. Hiyo ndiyo njia aliyoipata. Ilikuwa njia safi kabisa. Haikugharimu hata senti.

"Maneno haya ungeleta kabla ya leo," mzee Wangila akasema, na utani ulikuwa umekwisha.

"Nimeyaleta leo."

Phelista alikuwa mlangoni mwa jikoni. Khaemba alimtupia jicho mara moja tu, jicho la kuomba, na Phelista akaelewa kwamba hata yeye alikuwa kwenye yale mahesabu. Kila kitu kilipangwa juu ya kunyamaza kwake. Akinyamaza, Rosi anabaki zizini. Viola anarudi shule. Umati utaondoka, mumewe ataendelea kuitwa mzee Khaemba, na mambo ya hisa hayatajulikana na mtu. Mwenye kulipa ni mmoja tu, Nakhungu, naye hayupo. Na mwanamke aliyeolewa haongei mahali wanaume wanaongea ng'ombe. Hakuna ambaye angemlaumu.

Alitamani kunyamaza. Hilo lisemwe wazi, maana baadaye watu walimsifu kana kwamba halikumgharimu. Alitamani kurudi ndani na kufunga mlango. Lakini alimwona Levi. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa ameshusha mikono, zile bangili zimening'inia, na alikuwa anamtazama mjomba wake kama anayejaribu kukumbuka ni kosa gani amemfanyia.

Phelista akatembea mpaka getini.

"Baba Viola," akasema, "mimi niliolewa na ng'ombe gani?"

"Mama, rudi ndani."

"Niliolewa na ng'ombe za Nakhungu. Kila mtu hapa anajua. Zilitoka kwa Walubengo zikaingia hapa, na mwaka huo huo zikatoka hapa zikaenda kwa baba yangu. Kumi na tatu. Nilikuwa dirishani kwetu nikizihesabu, kwa sababu nilitaka kujua kama mnanitaka. Kama za Nakhungu hazikuisha, basi hata mimi sijaolewa. Nipe nguo zangu niende."

Mzee Wangila aliinamisha kichwa, kwa heshima au kwa aibu, na akangoja.

"Ndume ya mtoto ilikuwepo," Phelista akaendelea. "Aliuza mwezi wa tano akaweka pesa Nairobi, na ya benki juu yake. Ikaanguka. Hakuiba na hakukunywa, alitaka ziwe mbili. Hiyo ndiyo makosa yake. Lakini si makosa ya Nakhungu."

"Ni kweli, mulamwa?" mzee akauliza.

Khaemba alifungua mdomo. Kwa kitambo ilionekana kama atakataa, maana uongo ukishausema mbele ya watu wengi unakuwa mzito kuurudisha. Fimbo ilimwanguka mkononi na hakuinama kuiokota.

"Zilifika," akasema. "Zote. Hata moja ilikuwa na mimba."

Wanawake waliokuwa nyuma wakaanza kunong'ona, na kati yao alikuwepo aliyetema mate chini. Mzee Wangila akawanyamazisha. Akasema dhambi ni dhambi, itazungumzwa siku yake na wenyewe, lakini jua linakwenda na mtoto hawezi kurudi shingo tupu. Je, nyumba hii haina ng'ombe kabisa? Hata jike?

Phelista alijua swali hilo lingekuja. Alikuwa amelijua tangu alipotoka jikoni.

"Iko moja," akasema. "Lakini sitaitoa mimi. Mimi si khocha wake. Khocha aniombe hapa, watu wakisikia, halafu aende aifungue mwenyewe."

Na Khaemba aliomba. Karani wa serikali, na koti lililopigwa pasi, alimwomba mkewe ng'ombe mbele ya umati wa wakwe, na ilibidi aombe mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka. Phelista akaitikia kwa kichwa. Akageuka asimwone Rosi akitolewa, lakini masikio hayana kope.

Kidari kilipokatwa na kutobolewa katikati, mzee Wangila alimsukuma Levi mbele. Hapo ndipo khocha hutoa lile neno la mwisho, la ukali, la kumpa mtoto moyo mgumu. Kila khocha ana lake, na hulitayarisha tangu mapema. Khaemba alishika ile nyama kwa mikono miwili, damu ikimwingia kwenye mikono ya koti, na watu wakangoja. Akamvika mtoto. Akainua mkono kwa lile kofi la desturi, akaushusha.

"Mimi niliogopa watu," akamwambia. "Umeona vile mtu anakuwa akiogopa. Wewe kesho usiogope."

Levi alimtazama. Kisha akapiga njuga zake, mara moja, kwa nguvu, na vijana wakapokea wimbo, na umati wote ukageuka ukashuka kilima mbio, ile nyama ikimpiga mtoto kifuani.

Nyumba ikabaki na moshi, na mbwa, na ndama wa Rosi aliyekuwa analia zizini bila kukoma. Viola alimchemshia uji wa maziwa ya dukani, akakaa naye akijaribu kumfundisha kunywa kwenye sufuria. Hakumwuliza mama yake karo itatoka wapi. Angeuliza ingekuwa afadhali.

Khaemba aliosha mikono kwa muda mrefu. Alikuja akasimama karibu na Phelista, si karibu sana, akasema Jumatatu atakwenda Kitale aziuze zote, hata kama zitakuwa tano, hata kama nne, aanze kulipa linalobaki. Phelista akamwambia aziuze au azikalie, atajua mwenyewe, hizo si habari za leo. Alikuwa anafunga leso kiunoni na kutafuta viatu vyake.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Nakhungu. Maneno yako yamefika kabla ya mtoto. Saa hii anaambiwa na watu, na anapaswa kumpokea kijana wake akicheka."

Khaemba alitazama upande wa mto, ambako nyimbo zilikuwa bado zinasikika.

"Nije na wewe?"

"Tangulia," Phelista akasema. "Mimi nitakuwa nyuma yako. Nikitangulia, utarudi."